Mgomba Uliootoka katika Mbegu: Habari za Ensete na Jina Lake

Katika nchi zetu mgomba haupandwi kwa mbegu. Mtu atakaye shamba la migomba huchimbua machipukizi yaliyoota ubavuni mwa mgomba mzazi, akayahamisha na kuyafukia mahali pengine. Ndivyo walivyofanya baba zake na babu zake. Kwa hiyo mwalimu akionyeshwa mche wa mgomba ulioota katika mbegu, na akiulizwa, "Huu ni mgomba gani?", hana jibu la upesi. Swali hili laonekana kuwa dogo, na tena la mkulima kuliko la mwanachuoni. Lakini lilipata kuwatatiza mabingwa wa elimu ya mimea, na sababu moja ya kutatizwa kwao haikuwa katika mmea wenyewe, bali katika jina. Ndiyo maana twaona ni haki kulieleza katika kurasa hizi, ambazo kazi yake ni lugha na desturi.

Kwanza yatupasa kujua kwa nini migomba ya mashambani haina mbegu. Tukikata ndizi mbivu twaona vitone vyeusi katikati yake. Hivyo ni mabaki ya mbegu zisizokua. Migomba ya porini ya Asia, ambayo ndiyo wazazi wa ndizi zetu, hujaa mbegu ngumu hata nyama ya kula huwa kidogo sana. Katika kila chembe ya migomba hiyo ya porini mna kromosomu 22, yaani mafungu mawili ya 11. Bali aina nyingi za ndizi tulazo zina kromosomu 33, yaani mafungu matatu. Na kwa kuwa fungu la tatu halipati mwenziwe wa kugawana naye, mbegu haitengenezeki. Watu wa kale waliiona migomba iliyozaa tunda laini lisilo na mbegu, wakaichagua, wakaitunza kwa kuhamisha machipukizi yake kutoka shamba hata shamba na kutoka nchi hata nchi. Mgomba wa namna hiyo hausafiri ila umechukuliwa na mtu.

Basi, mche wa mgomba ukiota katika mbegu, karibu ni hakika kwamba si mgomba wa shambani. Ama ni mgomba wa porini wenye asili ya Asia, ama si mgomba wa kweli bali ni ndugu yake. Bara la Afrika halina mgomba wa kweli ulio wa asili yake. Ndugu huyo ndiye mwenyeji. Jina lake katika vitabu ni ensete, na habari zetu ni habari za jinsi alivyotambuliwa.

Mtu aliyewapa wasomi wa Ulaya maelezo ya ensete ni James Bruce, Mskoti, aliyefika Massawa mwaka 1769, akapanda hata Gondar, mji wa wafalme wa Uhabeshi, nchi tuiitayo sasa Ethiopia. Alikaa huko hata mwisho wa mwaka 1771. Alifuatana na mchoraji Mwitalia, Luigi Balugani, ambaye alichora mimea mingi ya safari ile, na ambaye hakurudi kwao, maana alikufa Gondar mwaka 1771. Bruce aliporudi Uingereza alisimulia aliyoyaona, na watu wengi wakamcheka wakidhani ametunga hadithi. Hakutoa kitabu chake hata mwaka 1790, na katika majuzuu yake matano mna maelezo ya ensete pamoja na picha zake.

Maelezo hayo ni ya mtu aliyetazama vizuri. Alisema kwamba wako waliouona mchoro wake wakasema ni aina ya mgomba, naye akawakatalia. Alikubali ya kuwa majani yanafanana, na mkungu unafanana. Lakini, alisema, kwa mgomba kiliwacho ni tunda, na kwa ensete tunda halifai kitu, kinacholiwa ni mwili wa mmea wenyewe, ukikatwa ungali mchanga na kupikwa. Tena ndani ya tunda la ensete mna kokwa kubwa mfano wa kunde, na tunda la mgomba halina kitu kama hicho. Hapo alinena kweli. Katika jambo jingine alikwenda mbali mno, maana alidhani kwamba majani yaliyochongwa katika sanamu za kale za Misri pamoja na Isis, mungu wao wa kike, ni majani ya ensete. Lakini katika mmea aliouona kwa macho yake alikuwa shahidi mwema. Na jina aliloandika hakulitunga, alilisikia kwa wenyeji.

Mwaka uliofuata, 1791, Johann Friedrich Gmelin, mwanachuoni Mjerumani, alipokuwa akitoa chapa mpya ya kitabu kikubwa cha Linnaeus, aliuingiza mmea wa Bruce kwa jina la Musa ensete. Musa ndilo jina la Kilatini la ukoo wa migomba, linalofanana na neno la Kiarabu mauz. Gmelin hakufika Uhabeshi. Alikuwa na kitabu tu. Kwa neno hili moja alimrudisha ensete katika nyumba ya migomba, ingawa aliyeuona mmea alikuwa amekwisha kusema kwamba si wa nyumba hiyo. Jina la wenyeji lilibaki, lakini kama jina la pili tu, na kwa miaka mingi hapakuwa na mmea ulio hai Ulaya wa kulithibitisha.

Sasa twafika katika jambo lenyewe. Katika mwaka 1853 bustani ya Kew, karibu na London, ilipokea mbegu kutoka kwa Walter Plowden, aliyekuwa konseli, yaani mjumbe wa serikali ya Uingereza, katika Uhabeshi, naye alizituma kutoka Massawa. Plowden hakuwa mtaalamu wa mimea, lakini alifanya jambo la maana: pamoja na mbegu alipeleka jina zinaloitwa na wenyeji, akaandika ansett. Mabingwa wa Kew wakazitazama mbegu zile, wasijue ni za nini. Zilikuwa kubwa, ngumu, wala hazikufanana na mbegu yoyote ya mgomba waliyopata kuiona. Jina nalo likapita machoni pao lisiwaambie neno. Hakuna aliyesema, "Ansett hii ndiyo ensete ya Bruce," ingawa kitabu cha Bruce kilikuwa kimekwisha chapwa miaka 63, na jina la Gmelin miaka 62.

Mbegu zikapandwa. Zikaota, na miche ikakua kwa upesi mno, na majani yake yalipofunguka hapakuwa na shaka tena: huu ulikuwa ni mmea wa jamaa ya mgomba. Hapo ndipo mbegu, jina, na kitabu cha zamani vilipokutanishwa, ikaonekana kwamba mmea uliosimama ndani ya nyumba ya vioo ya Kew ni ule ule aliouona Bruce. Mwaka 1861 William Jackson Hooker, mkuu wa bustani ile, aliutangaza kwa maelezo na picha katika gazeti la mimea la Curtis, akiuita bado Musa ensete. Plowden hakuyaona hayo. Alijeruhiwa karibu na Gondar na watu waliomwasi mfalme Tewodros, akafa katika mwaka 1860.

Yatupasa kujiuliza kwa nini jina halikusikiwa. Twaona sababu mbili. Ya kwanza ni maandiko. Katika herufi za Kihabeshi neno hili huandikwa kwa namna moja, na irabu yake ya kwanza ni sauti fupi ya katikati, isiyokuwa na herufi yake katika alfabeti ya Kilatini. Mzungu mmoja akiisikia huandika e, mwingine i, mwingine a. Bruce aliandika ensete. Plowden aliandika ansett. Ni neno moja lililovaa nguo mbili. Mtu ayatafutaye maneno kwa mpango wa herufi hatayakuta mahali pamoja, maana moja liko chini ya A na la pili chini ya E. Lakini mtu ayasomaye kwa sauti atashuku mara moja. Walimu waliopata kukusanya maneno ya lugha zisizoandikwa bado wanajua shida hii, kwa maana watu wawili wakikusanya maneno ya kabila moja, kila mmoja kwa sikio lake, orodha zao zaweza kuonekana kama za makabila mawili.

Sababu ya pili ni kwamba jina la wenyeji lilihesabiwa kuwa ni pambo. Mbegu ilitazamwa kwa makini, jina halikutazamwa. Lakini katika kifurushi kile jina ndilo lililokuwa na habari nyingi zaidi. Mbegu iliwaambia Kew kwamba kuna mmea wasioujua; jina liliwaambia kwamba wameshausoma.

Hata baada ya hayo mashindano ya majina hayakuisha. Mwaka 1859 Friedrich Welwitsch, aliyekuwa akichunguza mimea ya Angola, alikuwa amekwisha kuuita mmea kama huu Musa ventricosa, na maana ya neno la pili ni "wenye tumbo", kwa sababu ya shina lake lililotutumka chini. Mwaka 1862 Paul Horaninow, huko Urusi, aliutoa mmea wa Bruce katika ukoo wa Musa na kuufanyia ukoo wake mwenyewe, akauita Ensete. Lakini wengi hawakumfuata. Ilikuwa hata mwaka 1947 E. E. Cheesman, aliyekuwa amefanya kazi ya kuchunguza migomba katika kisiwa cha Trinidad, alipouimarisha ukoo wa Ensete kwa hoja zilizokubaliwa na wote. Hoja moja ni kwamba ensete haina kromosomu 22 kama migomba ya porini tuliyoitaja, bali ina 18. Na kwa kuwa sheria ya wataalamu wa mimea hairuhusu mmea kuitwa kwa neno lile lile mara mbili, Ensete ensete haikuwezekana. Basi ikachukuliwa sifa aliyoitoa Welwitsch, na jina kamili likawa Ensete ventricosum. Hivyo neno la Kihabeshi, lililopita bila kusikiwa mwaka 1853, leo ndilo jina la ukoo mzima, na Kilatini ni msindikizaji wake. Tangu Bruce alipochapa kwamba mmea huu si mgomba hata elimu ilipokubaliana naye imepita miaka 157.

Wakati wote huo watu wa kusini mwa Ethiopia hawakuwa na shaka yoyote. Wagurage, Wasidama, Wawolaita na makabila mengine huishi kwa ensete, na yasemwa kwamba watu wapatao milioni 20 huitegemea katika chakula chao. Kila lugha ina neno lake: Waoromo huuita mmea warqee, Wasidama weese, Wawolaita uutta. Mbegu za Kew zingalitumwa na mtu aliyekaa kwa Wasidama, jina lingalikuwa jingine kabisa, wala hapangalikuwa na Bruce wa kulifafanua. Tena wakulima hao wana mamia ya majina ya aina za ensete, kwa kupambanua rangi ya shina, ladha, nguvu ya nyuzi na muda wa kukomaa.

Kazi yenyewe ni ya akina mama hasa. Mmea hukatwa ukiwa na umri wa miaka kadhaa, karibu na wakati wa kuchanua; magome ya shina hukwanguliwa, kiazi chake kikubwa husagwa, na vyote hufukiwa katika shimo lililotandikwa majani yake, viumuke kwa majuma au miezi. Unga huo uliochachuka ukiokwa ndio mkate uitwao qocho. Maji yanayokamuliwa huacha wanga mweupe uitwao bulla. Na kiazi kikichemshwa tu huitwa amicho. Katika mwaka wa ukame, nafaka ikikauka, ensete hubaki imesimama na chakula chake ndani.

Hapa pana jambo la kuangalia. Kwa kuwa mkulima hukata mmea kabla haujazaa, mara nyingi haoni mbegu zake, wala hazihitaji. Akitaka miche hukata shina, huharibu kitovu cha kiazi, na kukifukia. Ndipo huchipua makumi ya machipukizi. Kwa asili yake ensete haitoi watoto ubavuni; watu wa huko ndio waliojifunza kuilazimisha. Basi katika Ethiopia ensete ya shambani hupandwa kwa machipukizi kama mgomba wetu, na ensete ya mbegu hasa ni ile ya porini. Asiyeijua desturi ya mkulima hawezi kuijua sawasawa hata mbegu.

Ensete haiko mbali nasi. Huota porini katika milima ya Kenya, Tanganyika ya zamani, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, kwenye mabonde yenye unyevu na kando ya vijito, hata kusini mwa bara. Watu wengi wasemao Kiswahili huuita mgomba mwitu tu, nao hupita. Lakini swali la kuupambanua si la mchezo hata kwa historia ya watu wetu. Wachimbaji wa mambo ya kale hutafuta katika udongo vijiwe vidogo mno vinavyobaki majani yakioza, na kwa umbo lake hujaribu kusema kulikuwa na mmea gani. Huko Nkang, katika Kamerun, walipata vijiwe walivyovisema kuwa vya mgomba, vya zaidi ya miaka 2000 iliyopita. Na mwaka 2006 wengine walitangaza vijiwe vya zamani zaidi sana kutoka Munsa, katika Uganda. Wapo waliovitilia shaka, na swali lao moja ni lile lile la Kew: Je, ni mgomba au ni ensete? Ikiwa ni mgomba, basi ndizi ilivuka bahari kutoka Asia mapema kuliko tulivyodhani, na yatubidi kuandika upya habari za wakulima wa kwanza wa Maziwa Makuu. Ikiwa ni ensete, basi ni jani la mmea wa nyumbani lililooza mahali pake.

Kwa hiyo twawapa ndugu zetu walimu alama za kufuata, mtu akiwaletea mgomba wa mbegu. Kwanza ni mbegu yenyewe. Ya ensete huwa na upana wa sentimeta moja au zaidi, nyeusi, ngumu kama jiwe. Ya mgomba wa kweli wa porini ni ndogo, haizidi sana punje ya pilipili manga. Pili ni shina. La ensete hututumka chini kama chungu, na majani hupanda juu yakisongamana, na ukanda wa katikati ya jani ni mnene, mara nyingi mwekundu upande wa chini. Tatu ni watoto. Mgomba wa kweli, hata ulioota katika mbegu, hutoa machipukizi ukishakua. Ensete husimama peke yake. Wahenga walisema, "Mgomba haushindwi na mkunguwe"; nao ukishakatwa mkungu, shina hufa lakini watoto huirithi nafasi yake. Ensete huzaa mara moja, ikafa yote, isiache ila mbegu. Nne ni mkungu. Katika ensete magamba ya ua hayaanguki upesi, na tunda ni fupi, lenye ngozi ngumu na mbegu tele. Asiyeona mkungu na asiwe na haraka; na angoje mwaka wa pili atazame kama mna chipukizi.

Na ikiwa alama zote zaonyesha mgomba wa kweli, tusiseme haiwezekani. Katika kisiwa cha Pemba imepata kuonekana migomba yenye mbegu ya namna ya Musa acuminata, ambayo kwao ni kusini-mashariki mwa Asia na visiwa vyake. Ililetwa na watu, kwa maana ng'ambo ya bahari ile ni mbali. Nayo ni ukumbusho wa safari ambazo hazikuandikwa katika kitabu.

Mwisho ni jina. Mwalimu asiridhike kuandika "mgomba mwitu". Na aulize jina la mmea, na jina la tunda, maana ni mawili, kama sisi tusemavyo mgomba na ndizi. Aulize jina la mbegu kama lipo, na kazi yake. Aandike ni lugha ya nani, kijiji gani, na nani aliyemwambia, mzee au mama wa shamba au mtoto mchungaji. Alitamke mbele ya mwenyewe hata akubali, ndipo aliandike kama lisikikavyo, wala asilinyoshe lifanane na Kiswahili. Kisha aweke mbegu mbili tatu katika bahasha ile ile, asizitenge na karatasi. Mbegu za Plowden ziliokolewa na jambo hilo moja: zilisafiri pamoja na jina lao, na jina lilingoja hata akatokea mtu wa kulisoma.